Mtia Bildi Lazima Asikiwe

Kisiwani Songo Songo, kwenye bahari ya Kilwa, kuna kazi mbili zisizofanana zinazofanyika karibu karibu. Upande mmoja ni visima na mitambo ya gesi asilia. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikaonekana haina faida ya haraka, ikalala chini ya mwamba miaka 30. Ni Julai 2004 ndipo ilipoanza kusafiri kwa bomba, chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam, njia inayozidi kilomita 200. Upande mwingine ni miamba ya matumbawe inayobaki wazi bamvua linapokupwa, ambako wanawake huchokoa pweza kwa vijiti na kulima mwani, na wanaume huvua kwa ngalawa na mashua. Kazi ya kwanza ina kofia ngumu, vibali vya maandishi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Ya pili haina mkataba wala siku ya malipo. Hata hivyo zote mbili hutegemea bahari ile ile ibaki nzima, na zote mbili huharibika kwa namna moja: kuna mtu aliyeiona hatari mapema akakosa njia ya kuisema, au akaisema asisikilizwe.

Nalisema hili kwa sababu mafunzo ya kazini, si Kilwa tu bali karibu kila mahali, hugawanya jambo hili vipande viwili. Siku moja anakuja mtaalamu wa mazingira, anawaeleza wafanyakazi kuhusu taka, kumwagika kwa mafuta, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na wajibu wao mbele ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Miezi mitatu baadaye anakuja mwingine, huyu wa zile zinazoitwa stadi za maisha au stadi laini, anawafundisha kusikilizana, kufanya kazi kwa pamoja, kusuluhisha ugomvi na kutoa taarifa kwa mkubwa. Kila mmoja ana kabrasha lake, picha yake ya pamoja na cheti chake. Binafsi sioni kama neno “laini” linasaidia. Linazifanya zionekane kama pambo la mahojiano ya kazi. Hapa nitaziita stadi za kusemezana, kwa kuwa ndicho kiini chake. Dai langu ni kwamba elimu ya mazingira na stadi za kusemezana si masomo mawili yanayoweza kusaidiana ikitokea nafasi. Kazini ni somo moja, na ukilikata katikati hupati hata nusu yake.

Tuanze na gesi yenyewe. Gesi ya Songo Songo kwa sehemu kubwa sana ni methani. Methani ikichomwa kwenye mtambo wa umeme huchafua hewa kidogo kuliko makaa ya mawe au mafuta mazito, na hiyo ndiyo sifa inayopewa kila siku. Lakini ikivuja bila kuungua, uwezo wake wa kupasha dunia joto katika kipindi cha miaka 20 unazidi ule wa hewa ya ukaa kwa takriban mara 80. Kwa hiyo vali inayovuja kidogo ni suala la usalama kwa aliye karibu nayo na ni suala la mazingira kwa walio mbali. Nani huigundua? Vipo vipima hewa, na ni vizuri viwepo. Lakini mara nyingi wa kwanza kusikia mlio usio wa kawaida au kuona kutu mahali pasipotarajiwa ni mtu wa ngazi ya chini: fundi msaidizi, mlinzi, kibarua anayefyeka majani kando ya bomba. Unaweza kumfundisha mtu huyo kila kitu kuhusu methani. Kama hajui amwambie nani, kwa maneno gani, na kama anaamini ataonekana mwenye kiherehere, elimu ile yote inabaki kichwani mwake na gesi inaendelea kwenda angani.

Mfano unaofundisha zaidi katika sekta hii ulitokea mbali na Kilwa. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, lililipuka na kuua watu 167. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, ambao ripoti yake ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, ulionyesha jinsi mambo yalivyoanza. Pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama ili ifanyiwe matengenezo. Zamu ya mchana ilimalizika kazi haijaisha, kwa hiyo mahali pa vali pakazibwa kwa kifuniko cha muda. Habari hiyo haikuwafikia wa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozima, wao wakaiwasha ile ya kwanza wakiamini iko salama. Waliokuwa kazini usiku ule walikuwa watu wenye ujuzi, na mfumo wa vibali vya maandishi ulikuwepo. Kilichokosekana ni makabidhiano ya kweli, mtu kumtazama mwenzake na kumwambia: hii msiiguse, na sababu ni hii. Ukilipanga kosa lile kwenye kabrasha la mafunzo, utaliweka wapi? Kwenye usalama? Kwenye mazingira? Kwenye mawasiliano? Lilikuwa yote matatu kwa wakati mmoja, na ndivyo makosa makubwa ya kazini yalivyo.

Kuna atakayenijibu kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtambo wa gesi, atasema, hauendeshwi kwa mkutano. Kila kibarua akipewa ruhusa ya kusema “simamisheni”, kazi haitafanyika. Methali ni ya kweli, ila inahusu amri, haihusu taarifa. Watu wa pwani wanalijua hilo kuliko wengi. Chombo kinapoingia mahali penye mafungu na miamba, baharia husimama omoni akitia bildi na kutangaza kina cha maji. Huyu si nahodha, na hawi nahodha kwa kutangaza pima mbili au tatu. Amri inabaki tezi, kwa aliyeshika usukani. Lakini nahodha anayemnyamazisha mtia bildi kwa kuwa ni mdogo wake atapanda mwamba na heshima yake yote. Ubaharia wa zamani haukutenganisha ujuzi wa kujua kina, ujuzi wa kukisema kwa sauti ya kueleweka, na ujuzi wa mkubwa kukipokea bila kuona amedharauliwa. Baharia chipukizi alijifunza yote matatu katika safari moja, chombo kikiwa kinakwenda.

Sasa tuvuke tuende kwenye mwamba. Miaka ya 1980 na 1990 pwani ya Lindi na Mtwara iliteswa na uvuvi wa mabomu. Baruti huua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja, na matumbawe iliyoyapasua huchukua miongo kurudi, yakirudi. Hakuna mvuvi aliyehitaji semina kuambiwa kwamba mabomu ni mabaya. Aliyekuwa akivua kwa mshipi au dema alijionea mwenyewe maji yanavyobaki matupu. Elimu ya mazingira, kwa maana ya kujua, haikupungua. Kilichopungua ni uwezo wa vijiji vilivyotawanyika kusema kwa sauti moja mbele ya watu wenye fedha na mbele ya maofisa waliofumba macho. Hapo ndipo mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ulipofanya jambo la maana: uliwasaidia wanavijiji kukaa pamoja, kujirekodi kwa video wakieleza yanayowapata, na kuzipeleka kanda hizo mbele ya viongozi. Katika mkondo huo wavuvi wakaunda umoja wao waliouita Shirikisho. Kujieleza, kupanga hoja, kuvumilia mkutano mgumu na mtu mwenye cheo, kukubaliana baina ya vijiji vinavyogombania maji yale yale ya kuvulia: hizo ndizo stadi za kusemezana, na zilifundishwa ndani ya tatizo la mazingira lililokuwa likiwauma wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la wanamaji liliingia, na milio ikatulia. Miaka michache baadaye ikarudi, ikaendelea mpaka vyombo vya dola vilipoungana tena kuikabili katikati ya muongo uliopita. Sisemi nguvu haikuhitajika. Mwenye baruti mkononi habembelezwi. Nasema nguvu ina tarehe ya kuondoka, na boti ya doria ikiisha mafuta wanaobaki baharini ni wavuvi wenyewe. Kwa sababu hiyo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilifungua njia ya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za pwani, vile ambavyo kila mvuvi huviita BMU. Kikundi cha BMU ni mahali pa kazi, hata kama hakina geti wala mashine ya kuchapa saa. Kina zamu za doria, kina daftari la mapato, kina mwenyekiti na katibu, na kina migogoro ya kutosha.

Angalia kazi ya kufunga miamba ya pweza, utaratibu uliopata umaarufu baada ya wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kuujaribu mwaka 2004, na ambao umefika pwani yetu mpaka Songo Songo. Hoja ya kibiolojia ni nyepesi. Pweza huishi muda mfupi, mwaka mmoja na kidogo, na hukua kwa kasi ya ajabu. Ukimwacha miezi michache uzito wake huongezeka mara kadhaa. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Ukifunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi, siku ya kuifungua watu hupata pweza wakubwa, na baadhi ya majike wamepata nafasi ya kutaga. Haya yote yanaelezeka kwa nusu saa chini ya mwembe. Yaliyobaki ndiyo yanayochukua miezi. Ni mwamba upi ufungwe, wa karibu wanaokwenda akina mama kwa miguu, au wa mbali wanaozamia vijana? Nani atakula nini wakati umefungwa? Mgeni wa dago kutoka kijiji kingine akiukuta umefungwa ataambiwaje bila kuvunja udugu? Mnunuzi anayetaka kushusha bei siku ya ufunguzi, kwa kuwa anajua pweza watakuwa wengi, atakabiliwa na nani? Mtoto wa mwenyekiti akikamatwa usiku ndani ya eneo, nani atalisema mkutanoni? Mwamba huharibika au kupona kwa majibu ya maswali hayo. Kikundi kilichofundishwa maisha ya pweza peke yake kitafunga mwamba mara moja na kugombana mara mbili.

Na mtu asidhani naegemea upande wa maneno matupu. Stadi za kusemezana zisizo na maarifa ya kitu kinachozungumzwa ni ufasaha tu, na ufasaha huuzwa kwa bei rahisi. Bara kidogo kutoka pwani, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, vijiji kama Kikole na Kisangi vinatunza misitu yao wenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa msaada wa asasi ya MCDI, iliyoanza na mti wa mpingo, mwaka 2009 misitu yao ilipata hati ya kimataifa ya FSC, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Wajumbe wa kamati za maliasili walijifunza kupima magogo, kuhesabu ujazo, kujua ni miti mingapi inaweza kukatwa bila kuumaliza msitu. Walipokaa mezani na mfanyabiashara, kipimo kilikuwa mikononi mwao. Mtu anayejua ujazo wa gogo lake hajadili bei kwa woga. Na anayejua kujadili bila kujua ujazo ataondoka akitabasamu huku ameibiwa. Nani anaweza kusema hapo stadi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi?

Pingamizi la pili ni kwamba mambo haya ni tabia, na tabia haifundishwi kwa semina. Mtu hutoka nayo kwao. Wanaosema hivi wana nusu ya ukweli: kwa semina ya siku moja hotelini, kweli haifundishiki. Lakini jamii za pwani ya kusini zenyewe hazijawahi kuamini kwamba tabia huota kama majani. Jando na unyago ni nini kama si mafunzo ya namna ya kuishi na kusema na watu, yenye muda wake, walimu wake na mitihani yake? Na katika kazi za kisasa ushahidi upo. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, wakafa watu 583. Katika chumba cha marubani cha ndege ya KLM, mhandisi aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye sifa kubwa, alijibu kwamba imetoka, na swali likafa hapo. Baada ya ajali hiyo na nyingine, wataalamu walikutana chini ya NASA mwaka 1979, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza kuwafundisha marubani namna ya kuuliza, kupinga kwa adabu na kupokea kupingwa. Leo mafunzo hayo ni sharti kwa mashirika ya ndege duniani. Yalifanikiwa kwa sababu hayakufundishwa kama adabu ya jumla. Yalifundishwa ndani ya kazi yenyewe, mikono ikiwa kwenye vyombo vya ndege.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu, na sitalipita kwa haraka. Linasema: tatizo si kwamba kibarua hajui kusema, anajua sana, ila anajua pia kwamba mkataba wake ni wa miezi mitatu na mkandarasi hapendi kelele. Kumpeleka mtu huyo kwenye mafunzo ya kujiamini ni kumlaumu kwa ukimya aliolazimishwa. Nakubali karibu neno kwa neno. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wawe na wawakilishi wao wa usalama, lakini mwakilishi anayeogopa kufukuzwa ni jina kwenye ubao. Kwa hiyo mafunzo yaanze juu. Msimamizi ndiye wa kwanza kufundishwa kupokea habari mbaya, na kipimo cha mafunzo kisiwe idadi ya vyeti. Kiwe idadi ya taarifa za hatari zilizotoka ngazi ya chini, zilifanyiwa nini, na aliyezitoa bado yupo kazini au hayupo. Kampuni itakayokataa kupimwa hivyo itakuwa imetwambia yenyewe kwamba ilitaka picha ya pamoja. Tuliona pia mambo yanakofika ukimya ukizidi kati ya mradi na wenyeji: maandamano ya Mtwara ya Desemba 2012 na vurugu za Mei 2013 juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Yalikuwa na mizizi mingi, ya uchumi na ya historia, na nisingependa kuyapunguza yawe suala la mawasiliano. Lakini hakuna aliyeyafuatilia anayeweza kudai kwamba watu walikuwa wameketi na kuelezwa vya kutosha kabla ya mabomba kufika.

Kuhusu gharama sina mengi. Mtambo wowote wenye utaratibu una kile kikao kifupi cha kabla ya kazi, dakika 10 au 15, ambacho mara nyingi huwa mtu mmoja anasoma na wengine wanatazama viatu. Kigeuzwe: leo fundi msaidizi aeleze hatari ya kazi ya leo, kwa Kiswahili, na bosi aulize maswali. Makabidhiano ya zamu yafanyike mbele ya mashine, siyo mezani. BMU nayo ifanye mazoezi ya kumkabili mnunuzi wa pweza kabla mnunuzi hajaja, mmoja akijifanya mnunuzi na mwingine katibu. Hakuna kinachohitaji mtaalamu kutoka Nairobi wala projekta. Kinachohitajika ni uvumilivu wa kurudia wiki hadi wiki, na hicho ndicho wafadhili na mameneja wasichokuwa nacho.

Pwani ya Lindi iko mbioni kupata sehemu nyingine za kazi. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi Septemba 2023, na mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika umetengewa eneo la Likong'o, manispaa ya Lindi. Vijana wa VETA wanaelekezwa huko kwa uchomeleaji, umeme na ufundi bomba, na ni sawa. Ila bandari ya samaki bila wavuvi wanaoweza kukubaliana juu ya mwamba itakuwa maghala ya baridi yasiyo na cha kugandisha. Wanaoandika mitaala na mikataba ya sehemu hizo wasiweke mazingira ukurasa wa 40 na stadi za kusemezana kwenye kiambatisho.

Na Songo Songo penyewe nafasi ya kuandika upya ipo. Leseni ya kuzalisha gesi ya kisiwa hicho ilitolewa Oktoba 2001, kwa miaka 25.